Saini Tu, Mwalimu

Chuoni kwetu kila mwanafunzi wa biashara ana mshauri wa kitaaluma, na mshauri huyo ndiye mimi. Barua iliyonipa kazi hiyo inasema nitamwongoza mwanafunzi kuchagua masomo, nitafuatilia maendeleo yake, nitamwelekeza kuhusu ajira na nitakuwa kiungo kati yake na idara. Kuhusu posho haisemi kitu. Kuhusu kiti cha mgeni nako imenyamaza, ndiyo maana wanaokuja kushauriwa husimama mlangoni, na mtu aliyesimama mlangoni hashauriki. Anachotaka ni kuondoka.

Wanachofuata kwangu ni saini. Fomu ya masomo haipokelewi bila saini yangu na muhuri wa idara. Basi ikifika wiki ya usajili, korido yetu inajaa watu ambao mwaka mzima hawakujua nakaa chumba gani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechagua masomo gani?"

"Ya kawaida, mwalimu."

"Ya kawaida ndiyo yapi?"

"Yale wanayochukua wenzangu. Naomba saini tu, mwalimu, dirisha la mhasibu linafungwa saa sita."

Fomu yenyewe wana namna yao ya kuishika: kiganja kimefunika orodha yote ya masomo, na pamebaki wazi pale pa saini tu. Ukimwambia aondoe mkono anakutazama kama umemwambia avue shati. Tofauti kati yangu na muhuri ni kwamba muhuri hauulizi maswali, na kwa sababu hiyo unapendwa zaidi.

Nimechunguza nikagundua kwamba ushauri hawaukosi. Wanao tele. Umetolewa zamani na watu wengine, mimi nimeachiwa mabaki.

Wa kwanza ni jamaa wa steshenari. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kila chuo kimo, kila kozi imo, sifa za kuingilia zimo, na kuusoma ni bure. Mhitimu wa kidato cha sita anayetaka shahada anatakiwa angalau awe amefaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni 1, halafu kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Tangu 2017 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Ni mambo ya kukaa chini, kusoma na kufikiri. Lakini kijana wetu hakai chini. Anakwenda steshenari, anatoa vyeti, na jamaa aliyekuwa anadurufu kitambulisho cha mtu anauliza, "Nikuwekee nini?"

Hivyo ndivyo nilivyompata kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, Fedha na Benki, aliyesoma PCB akiota udaktari. Nilimuuliza kwa nini aliichagua Fedha. Akasema hakuichagua, aliwekewa. Jamaa alimwambia huko nafasi bado zipo na biashara haimtupi mtu. Hata barua pepe aliyosajiliwa nayo alitengenezewa palepale, na nywila ni jina la timu ya jamaa. Kwa hiyo kijana, ambaye ni Yanga wa kulia machozi, kila akitaka kuona matokeo yake lazima aandike Simba123.

Mshauri wa pili ni ukoo. Kila ukoo una mjomba aliyewahi kufanya kazi bandarini, na mjomba huyo amesema hela iko kwenye Ununuzi na Ugavi. Shangazi naye anamjua mtu aliyesoma uhasibu akaingia TRA akajenga Kibaha. Huyo mtu wa TRA nimeletewa ofisini mara nyingi sana kama ushahidi. Nyumba yake naijua kwa masimulizi mpaka rangi ya geti. Kinachonishangaza ni kwamba kila mwanafunzi ana wake, na wote wamejenga Kibaha.

Wazazi nao hupiga simu. Mmoja alipiga baada ya kusikia binti yake anataka kubobea kwenye Masoko.

"Mwalimu, huyu mtoto amekulia kwenye meza ya mama yake pale Mabibo. Kuuza ndizi anajua tangu hajaota meno ya pili. Leo nilipe ada miaka mitatu afundishwe kuuza?"

Nikamweleza kuhusu utafiti wa soko, tabia za wateja na upangaji wa bei.

"Mama yake kila alfajiri anamtuma mtoto akachungulie jirani anauzaje. Huo siyo utafiti?"

Nikasema ni utafiti.

"Basi mwandikie uhasibu."

Sikumwandikia. Binti ni mtu mzima na fomu ni yake. Lakini baba mtu mpaka leo ananitumia ujumbe wa sikukuu na mwishoni anakumbushia uhasibu.

Mshauri wa tatu ndiye hatari kuliko wote: mwanafunzi mwenzao wa kitanda cha juu hosteli. Huyu ndiye mtaalamu wa masomo ya hiari. Masomo ya lazima hayana mjadala, kila mtu atakutana na takwimu za biashara na uhasibu wa gharama, ajifiche asijifiche. Ya hiari ndiyo yenye siasa. Ungedhani mtu anayetaka kufanya kazi benki atachukua somo la mikopo na vihatarishi, na anayetaka kufungua biashara atachukua kodi, kwa sababu kodi itamtafuta hata asipoitafuta. Wapi! Kitanda cha juu kinauliza maswali mawili tu. Kwanza, lina kipindi cha saa moja asubuhi? Pili, lina maksi?

Hilo la pili ndilo linalonimaliza. "Lina maksi" maana yake mwalimu wake mkono mwepesi. Wanazo orodha kwenye grupu la WhatsApp, nani anagawa na nani anabana, zinarithishwa mwaka hadi mwaka kwa uangalifu ambao daftari la mahudhurio halijawahi kuupata. Nimemwona mtu wa Rasilimali Watu akisajili somo la utalii. Nikamuuliza utalii na rasilimali watu wapi na wapi. Akasema, "Mwalimu, lile lina maksi."

Halafu maksi zinapokataa kuja, ndipo wananikumbuka. Hapo sasa hata wasipopewa kiti wanakaa sakafuni. Alikuja kijana ana muhula mmoja tu mbele yake, GPA yake ni 2.6, anataka amalize na 3.5 ili apate daraja la pili la juu, maana tangazo moja la kazi linataka hivyo. Nikachukua kalamu. Amemaliza mihula mitano kati ya sita, tuseme krediti za kila muhula zinalingana. Tano mara 2.6 ni 13. Ili wastani wa mihula sita ufike 3.5, jumla iwe 21. Kwa hiyo muhula wa mwisho unatakiwa ulete 8.

"Si nitajitahidi, mwalimu."

"Mwisho wa GPA ni 5."

Akakaa kimya. Nikamwonyesha kwamba akipata 3.2 atafika 2.7, na hilo ni daraja la pili la chini, si haba, linafikika, na tupange pamoja masomo ya kumfikisha huko. Akaitazama hesabu yangu kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee amechoka, akasema kuna mwenzake amemhakikishia inawezekana. Mwanafunzi wa biashara huyo, amesoma hisabati za biashara na amefaulu. Kwa sapu, lakini amefaulu.

Cha kuumiza ni kwamba yapo mambo ya maana ninayotamani kuulizwa. Natamani mtu wa uhasibu aje mwaka wa kwanza aulize kuhusu NBAA, bodi ya wahasibu, nimwambie kwamba shahada peke yake haimpi CPA, kuna mitihani ya bodi, hufanyika Mei na Novemba, na shahada humpunguzia ngazi za chini tu. Natamani wa Ununuzi na Ugavi ajue kwamba naye ana bodi yake, PSPTB, kwamba sheria yake ni ya 2007 na kwamba kuifanya kazi hiyo kunadai usajili wa bodi, mjomba wa bandarini awepo asiwepo. Natamani anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo aniulize mapema mkopo unarudishwaje, asije akashtuka siku akiona asilimia 15 ya mshahara imekatwa akadhani mhasibu wa kampuni kamwibia. Na anayetaka kuhama kozi, natamani aje wiki za mwanzo, wakati dirisha la kuhama liko wazi.

Wanakuja lini? Mei. Bumu limeshatoka, limeshaliwa, mitihani iko mlangoni, ndipo mtu anagundua kwamba Fedha si wito wake. Nikimwambia muda wa kuhama umepita tangu mwaka jana, anasema, "Sasa mwalimu, si wewe ndiye mshauri?" Na kuhusu NBAA wananiuliza siku ya kuchukua majoho.

Niliwahi kuandika hayo yote kwenye karatasi mbili: tarehe, bodi, namna ya kupiga hesabu ya GPA, masomo ya hiari yanayofaa kila mchepuo. Nikaweka rundo mezani, bure. Likakaa hapo mpaka katibu muhtasi akaanza kufungia vitumbua. Waliochukua walichukua kwa adabu, na niliwakuta nje ya jengo wakizikalia, maana ngazi zilikuwa na vumbi.

Sasa nje ya geti letu, jirani na steshenari, kuna kijana wetu wa mwaka wa pili. Ana meza, mwavuli, kompyuta mpakato na bango la bei. Kusajiliwa kwenye mfumo: 2,000. Kusajiliwa pamoja na kupata kontroo namba ya ada: 3,000. Kusajiliwa, kontroo namba na ushauri wa masomo: 5,000. Anajua mfumo hausumbui saa tisa usiku, basi anakusanya namba za usajili mchana, anakesha usiku, na asubuhi kazi imekamilika. Foleni yake inaanzia kwenye mwavuli na kuishia kwa muuza miwa.

Nilipita pale siku moja, nikapunguza mwendo. Alikuwa anamshauri binti wa mwaka wa kwanza. Anamwambia ajue mapema mambo ya NBAA, mitihani Mei na Novemba. Anamwambia asiangalie maksi, aangalie kazi anayotaka. Anamwonyesha namna ya kupiga GPA. Yule binti ameinama, anaandika kila neno. Nikasogea. Mezani kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa na pini. Karatasi zangu. Juu ameongeza jina la huduma yake na namba ya kulipia kwa simu.

Huyo binti namfahamu. Juzi yake alikuwa ofisini kwangu, nikaanza kumwambia maneno yayo hayo, akaniambia anawahi daladala.

Siku ya mwisho ya usajili kijana wa mwavuli naye akaja kutafuta saini. Nikafunga mlango, nikampisha kwenye kiti changu, nikasimama mimi.

"Wewe unauza karatasi zangu."

"Shikamoo, mwalimu. Siuzi karatasi, nauza maelezo. Karatasi natoa bure kwa wanaolipa."

"Kwangu zipo bure, na maelezo bure. Kwa nini hawachukui?"

Akafikiri kidogo. Nitasema haki, alifikiri kuliko wanavyofikiri kwenye mtihani.

"Mwalimu, kwako wanaletwa na fomu. Kwangu wanaletwa na elfu tano yao. Mtu akishatoa elfu tano, lazima asikilize mpaka iishe. Na kitu cha bure watu wanajiuliza kina kasoro gani. Ungeweka bei hata kidogo tu, na ungetoka nje ya hilo jengo. Ofisi yako mteja haioni, bango huna, na saa unazofungua wewe ndizo wao wako darasani."

Nikamwambia kanuni za utumishi haziniruhusu kumtoza mwanafunzi. Akanipa pole, kwa dhati kabisa. Akaongeza kwamba nikipenda anaweza kunitengea nafasi chini ya mwavuli Jumatano mchana, tugawane.

Nikanyoosha mkono nipewe fomu. Kiganja kilikuwa kimefunika masomo, kama kawaida yao. Nikamwambia aondoe. Akaondoa. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa somo la kurudia: Kanuni za Masoko. Mwaka jana hakutokea hata kwenye mitihani ya katikati ya muhula. Alikuwa na wateja.

"Kanuni za Masoko mwaka huu anafundisha nani, unajua?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Mimi."

Akaitazama fomu, akanitazama, akarudi kwenye fomu. Kisha akauliza, kwa heshima zote alizofundishwa kwao:

"Mwalimu, na hilo la kwako lina maksi?"