Breki za Baba Mkwe

Kubadilisha pedi za breki za diski kwenye baiskeli ya milimani ni kazi ya robo saa. Unatoa gurudumu, unang'oa kile kiklipu kidogo, unafungua pini, unachomoa pedi chakavu pamoja na springi yake, unarudisha pistoni ndani, unaweka pedi mpya. Basi. Kinachoifanya kazi ya kutwa nzima ni msimamizi, na wangu hakuwa wa kufukuzwa: alikuwa baba mkwe.

Huku Lushoto pedi hazina umri. Barabara ya kushuka Mombo ni kona juu ya kona, na masika yakiingia matope yanazila mpaka unasikia bati likikwaruza diski. Hapo huna ujanja, unafungua.

Baiskeli nilikuwa nimeitundika kwenye tawi la mparachichi, maana breki za mafuta hazipendi kugeuzwa miguu juu; hewa iliyotulia kwenye kitangi pale kwenye usukani hupata upenyo wa kuingia kwenye mrija. Mzee akatokea na kigoda chake. Ameendesha malori tangu ujana, na dereva mstaafu hawezi kuona breki inafunguliwa akapita tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Ukishatoa hizo, pampu."

Kwenye lori sina ubishi. Ila kwenye baiskeli, gurudumu likishatoka hakuna diski ya kuzizuia pistoni. Kila unapobana mkono wa breki zinasogea, na ukishupalia zinatoka kabisa, mafuta nayo yanafuata. Ndiyo sababu baiskeli inaposafirishwa bila gurudumu huchomekwa kipande cha plastiki katikati ya kalipa. Mimi nilichomeka kadibodi iliyokunjwa. Mzee akaichomoa, akaitupa. "Unaacha takataka humu."

Mtoto wa jirani unamwambia usiguse. Baba mkwe unamwambia, "Baba, chai inapoa." Akanywa chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukabaki kwenye breki, ukibana na kuachia, kubana na kuachia. Pistoni moja ikaanza kuchungulia, nyeupe, ukingoni mwake mafuta yakaota kama jasho.

"Umeona? Sasa inafanya kazi."

Nikaanza kuirudisha taratibu, kwa leva ya plastiki ya kutolea tairi, huku mzee akininyooshea bisibisi yake ya lori ambayo ingeweza kung'oa mlango. Bisibisi ya chuma huichubua pistoni, na pistoni iliyochubuka huvuja. Nikamwambia ni nzuri mno, isije ikachafuka. Akaridhika.

Springi ndiyo ina ukorofi wake. Inakaa katikati ya pedi mbili, unazibana zote tatu kwa vidole na kuzisukuma ndani kwa pamoja. Mama mkwe akaita kutoka jikoni, nikageuza shingo, springi ikaruka mpaka bandani kwa kuku. Jogoo aliiwahi. Tulijadiliana.

Niliporudi, mzee alikuwa ameshika pedi mpya. Andazi mkono huu, pedi mkono ule, na kidole gumba kinapapasa pale pale panaposugua. "Hii laini mno, haifiki Mombo." Pedi ikiingia mafuta imekwisha, hata yakiwa mafuta ya andazi. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikaenda nayo nyuma ya nyumba kuisugua kwa msasa na spiriti asikoniona.

Gurudumu likarudi. Nikalegeza boliti za kalipa, nikabana breki ili kalipa ijipange sawa na diski, nikakaza. Kilichobaki ni kuzizoesha pedi: unakimbiza baiskeli, unashika breki hadi ikaribie kusimama, unaachia, unarudia, mpaka ianze kushika sawasawa. Mwanzoni hupiga kelele. Nilizunguka uwanja, ikalia mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Mzee akainuka kwenye kigoda. "Inalia hiyo, mkwe. Ngoja nikakuletee grisi."

Kabla hajafika stoo nilikuwa nimeshavuka kona ya sokoni.