Matope Nayo Yana Haki Yake

Sijui matope yaliwakosea nini watu wa lugha hii. Ukitaka kumharibia mtu jina, unampaka matope. Wanasiasa wakigombana, wanarushiana matope. Ukiandamana na watu wabaya, utaonywa kwamba mchezea tope humrukia. Nashuku haya yote yalisemwa kwanza na watu wa pwani, ambao mtoto wao akitoka mchangani hukung'uta miguu mara mbili akaingia ndani. (Mikoko waliyojengea nyumba zao ilimea kwenye matope, lakini hilo hawalitaji.) Sisi wa huku juu, kati ya Elburgon na Molo, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari na mbali kidogo na lami, tuna ushahidi mwingine. Nimeamua kuutoa mimi, maana matope hayana wakili.

Nianze na ukoo wake. Nakuru ilipata jina lake kwa Wamaasai, na jina hilo ni la vumbi. Tarehe 1 Desemba 2021 mji ukapandishwa hadhi ukawa jiji, na vumbi likapanda nao. Sasa vumbi ni nini, kama si matope yenye kiu? Mvua za Machi zikianza kushuka kutoka upande wa Mau, yale yaliyokuwa yakiruka ovyo na kuingia machoni hutulia chini kama mtu mzima. Hata funza, anayependa vumbi la kiangazi, hukosa raha. Matope ni vumbi lililopata adabu.

Nyumbani kwangu yana kazi rasmi. Nina watoto watatu: kifungua mimba yuko Gredi ya Tatu, wa pili yuko PP2, na kitinda mimba hana shule ila ile ya kuwafukuza kuku. Baba yao huondoka na maziwa kabla ya jua, na mimi niko shambani hadi saa nne. Nani anabaki kulinda nyumba? Majirani hununua mbwa. Mimi nina matope.

Juzi nilikuta sukari imeshuka vidole viwili kwenye mkebe. Nikawapanga wote watatu ukutani na kuuliza. Wa kwanza hajui. Wa pili hajui, ila anadhani ni paka. Wa tatu akacheka. Basi nikaangalia sakafu. Kutoka mlangoni hadi kabatini palikuwa na safari nzima imeandikwa: mguu wa kulia umevaa gambuti, wa kushoto hauna kitu, vidole vitano vimekanyaga wazi kabisa. Mbele ya kabati nyayo zilikuwa nyingi, mtu alisimama pale akifikiri. Kisha zikarudi nje kwa hatua ndefu. Sasa, katika nyumba hii ni mtu mmoja tu aliyekuwa na gambuti moja siku hiyo, kwa sababu ile nyingine ilimezwa kwenye njia ya mtoni siku iliyotangulia, na mwenyewe alikuja akilia akichechemea. Sikuhitaji shahidi wa pili. Paka akaachiliwa huru.

Wahenga, ambao mara nyingine hujisahau wakasema ukweli, walituambia udongo uwahi ungali maji. Wazazi wa mjini huenda dukani kununua plastisini mwalimu akiagiza kitu cha kufinyanga. Wangu huinama tu. Wamefinyanga lori lenye magurudumu ya vifuniko vya soda, wamepika mandazi arobaini juu ya kifuniko cha sufuria na kuniuzia kwa majani ya mti. Wa pili aliwahi kutengeneza ng'ombe mwenye chuchu tano. Nikamweleza kwamba ng'ombe ana nne, maana anamwona akikamwa kila siku. Akasema anajua, ya tano ni ya paka. Ndipo nikafahamu kuwa ile kesi ya sukari bado inamsumbua moyoni, na kwamba alikuwa akilipa fidia.

Shosho yao, mama mkwe wangu, ndiye angepaswa kuwa mtetezi mkuu wa matope. Nyumba yake ya kwanza aliikandika kwa mikono yake, na waliokanyaga udongo ule hadi ukalainika walikuwa wanawe, mume wangu akiwa miongoni mwao. Husimulia jambo hilo kwa fahari. Lakini tangu alipowekewa sakafu ya saruji, mjukuu akitokea na gambuti husimamishwa hatua tatu kabla ya mlango, akakwanguliwa kwa panga kama kiazi. Saruji humbadilisha mtu.

Ziko sifa nyingine nitakazozipitia upesi. Aprili, wakati shule zimefungwa na watoto wote wako nyumbani, hakuna mgeni anayefika bila kutangaza. Mweka hazina wa chama chetu, ambaye ananidai michango ya miezi miwili, huonekana ng'ambo ya njia, akaitazama, akarudi. Na mheshimiwa akija kuomba kura kwa gari kubwa, matope humkaribisha, yakamshika miguu yote minne, yakamlazimisha kushuka na kutusalimu mmoja mmoja kwa majina. Wanangu walisukuma gari hilo, wakarudi wamepakwa kuanzia nywele hadi visigino, na wakaulizana mchana kutwa lini atakwama tena.

Wanaoyashtaki matope husema yanatutia umaskini. Ni kweli kwamba lori halifiki. Viazi aina ya shangi hubaki kwenye magunia kando ya shamba, na dalali hupiga simu akiwa amesimama kwenye lami, akataja bei ambayo siwezi kuirudia mbele ya watoto. Lakini hayo ni makosa ya barabara, na barabara ina wenyewe. Barabara ina bajeti, ina bango, ina siku ya kuzinduliwa na hema za wageni. Matope hayajawahi kuzindua chochote. Yalikuwepo kabla ya bango, na bango lilipoanguka, liliangukia juu yake.

Usiku mmoja wa Mei yule wa pili alishikwa na homa kali, na boda boda ikakataa kushuka kwetu. Tulimbeba kwa zamu mgongoni hadi kwenye lami. Nilifika na kiatu kimoja. Usiku huo sikuyasifu matope, na sitasema uongo kwamba niliyasifu.

Ila kesi haihukumiwi kwa usiku mmoja. Anayedhani matope ni ya mafukara na amtazame heroe, ndege ambaye watalii huvuka bahari na kulipa fedha nyingi kumwona kwenye maziwa yetu, Bogoria, Nakuru na Elmenteita. Heroe mdogo akitaka kutaga huenda Ziwa Natron, Tanzania, akakusanya matope kwa mdomo na kujenga kichuguu, kisha huweka juu yake yai moja tu, mbali na maji na joto la chini. Mwanawe huanguliwa juu ya kiti cha enzi cha matope, na hakuna anayemfokea avue miguu.

Jioni huwa ninachemsha maji na kuweka beseni nyuma ya nyumba. Wanaingia kwa utaratibu, kuanzia aliye safi zaidi, ingawa siku nyingine hatuna wa kuanza naye. Kipande cha sabuni huanza kikiwa cheupe kikaisha kahawia. Maji ya mwisho, mazito kama uji, huyamwaga kwenye sukumawiki, na sukumawiki yangu haina mpinzani katika kijiji hiki.

Nawe ukija kututembelea kabla ya Juni, liache gari kwenye lami na utembee polepole ukishika ua. Gambuti ziko nyuma ya mlango, chagua zinazokutosha. Ukikuta moja iko peke yake na paka amelala ndani, iache. Mwenzake bado iko njia ya mtoni.