Naomba Kuajirika: Barua ya Wazi kwa Waajiri wa Tanzania

Mwombaji Kazi,
S.L.P. ya kuazima,
Dar es Salaam.

Kwa Waajiri Wote,
Sekta ya Umma na Sekta Binafsi,
Tanzania.

YAH: OMBI LA KUAJIRIKA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali kisomeni vizuri kabla barua hii haijaungana na wenzake kwenye lile boksi lililo chini ya meza ya masijala. Siombi kazi. Kazi nimeshaiomba mpaka kijana wa stesheneri mtaani kwetu ana wasifu wangu kwenye kompyuta yake, na huuboresha hata nisipokwenda. Ninachoomba safari hii ni kidogo zaidi: niajirike.

Nimelazimika kuomba hivyo kwa sababu kila linapofanyika kongamano la ajira kwa vijana, mwakilishi wenu hupanda jukwaani, na itifaki ikishazingatiwa hutamka maneno yaleyale: wahitimu wetu hawaajiriki. Ukumbi hupiga makofi, chai huletwa. Sisi tunaozungumziwa huwa tupo mlangoni tukiwavalisha wageni vitambulisho, kwa kujitolea.

Taarifa hiyo nimeipokea kwa unyenyekevu. Nimeitafuta na orodha ya stadi mnazosema tunazikosa: mawasiliano, kutunza muda, kutatua matatizo, kufanya kazi chini ya shinikizo. Naomba kuwasilisha taarifa ya utekelezaji.

Kuhusu mawasiliano: niliitwa kwenye usaili wa kampuni moja inayouza mbegu kwa wakulima. Chumbani tulikuwa watu wanne, wote tumelelewa kwa Kiswahili, tukazungumza Kiingereza mpaka jasho likatutoka. Mwenyekiti wa jopo aliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamjibu kwa Kiingereza kilekile alichoulizia, na makosa yake yote. Hakuna aliyetaka kujua ningemweleza vipi mkulima wa Mbozi kwamba mahindi ya mbegu chotara hayafai kuwekwa yawe mbegu ya msimu ujao. Kazi nikaikosa, nikaambiwa tatizo ni mawasiliano. Nadhani mkulima wa Mbozi bado anamsubiri mtu atakayemweleza kwa Kiingereza.

Kuhusu kutunza muda: barua ya wito ilisema saa mbili kamili asubuhi, na kwamba atakayechelewa hatapokelewa. Anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto anajua maana yake ni kuamka saa kumi alfajiri. Saa mbili ilitukuta koridoni, tai zimenyooka. Jopo liliingia saa tano, likalalamikia foleni ya barabarani. Stadi hiyo naweza kusema nimefuzu. Sina hakika kama waliokuwa upande wa pili wa meza wangefuzu.

Kuhusu kutatua matatizo, nawashukuru sana, maana matangazo yenu ya kazi ni chuo kinachojitegemea. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimethibitishwa na wakili. Hati ya matokeo haikubaliki, kiletwe cheti chenyewe. Picha ya paspoti iwe ya karibuni. Mtu asiye na kipato akiweza kukusanya nauli, kopi, picha, muhuri wa wakili na bando la kupakia vyote hivyo kwenye mfumo unaokwama usiku wa siku ya mwisho, mtu huyo anafaa kukabidhiwa idara ya manunuzi bila usaili.

Kuhusu shinikizo, sina haja ya kujieleza sana, kumbukumbu zipo. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, na hapakuwa na mechi. Walikuwa kwenye usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, yakaingia maombi zaidi ya 135,000. Hiyo ni zaidi ya watu themanini kwa kiti kimoja. Naomba mnisaidie hesabu hii, waheshimiwa: lau sote tungeamka kesho tunaajirika, tumenyooka kimawasiliano na kishinikizo, je, zaidi ya 133,000 kati yetu tusingerudi nyumbani vilevile, tukiwa tunaajirika?

Lakini tuseme viti vipo. Hapo ndipo tunapokutana na kigezo ambacho taarifa yangu ya utekelezaji imekwama: uzoefu. Tangazo linasema nafasi ni ya ngazi ya kuanzia. Mstari wa pili unasema uzoefu usiopungua miaka mitatu. Nimekwenda mpaka Kariakoo, ambako inasemekana hakuna kinachokosekana ila ujuane na mwenye duka. Uzoefu hawana, hata wa mtumba.

Na hawawezi kuwa nao. Chuo hakina wateja wanaokuja juu, hakina ghala la kuhesabu wala mahesabu ya kufunga mwisho wa mwezi. Mama yangu hana. Mbunge wangu hana. Uzoefu wa kazini unatengenezwa mahali pamoja tu, kazini, na funguo za kazini mnazo ninyi. Ninyi ndio kiwanda, na ndio mliosimama dirishani mkilalamika kwamba bidhaa imeadimika sokoni.

Mtanijibu kwamba mafunzo kwa vitendo yapo. Ni kweli, field tulikwenda. Nilijifunza nani anakunywa chai ya rangi na nani ya maziwa. Nilizielewa tabia za mashine ya kutolea kopi, hasa inapokataa karatasi za bei nafuu. Nilipanga mafaili ya miaka ambayo sikuwa nimezaliwa. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa akifanya kazi za watu watatu, na hakuna aliyempunguzia hata moja ili apate nafasi ya kunifundisha. Siku ya mwisho alisaini daftari langu la mafunzo lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa mkao mmoja, akaandika kwamba nimemudu vizuri sana. Nimemudu nini, hakuandika, na mimi sikuuliza kwa kuogopa atafute jibu.

Baada ya chuo tukaingia kwenye kujitolea. Hapa tunafanya kila kitu anachofanya mwajiriwa, isipokuwa kwenda benki mwisho wa mwezi. Wanaovuka hapo hupewa mikataba mifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hapati ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Sasa tazameni kudra za Mwenyezi Mungu: wapo wenzangu ambao mikataba yao mifupi hufikia ukomo mwezi wa tano, kisha nafasi ileile hufunguliwa tena mwezi wa saba kwa jina la kijana mwingine. Mtu hawezi kusema hamjui sheria. Kifungu hicho mnakijua kuliko mawakili.

Naomba sasa niingie kwenye fedha, kwa kuwa nimeambiwa mhitimu anayeajirika haogopi namba. Ipo tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wahasibu wenu huiita SDL. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilikuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara. Mkalia kwamba inawaelemea, Serikali ikasikia, ikaishusha kidogo kidogo mpaka kufika asilimia 3.5 mwezi Julai 2023. Katikati hapo, mwaka 2021, wenye wafanyakazi chini ya kumi wakaondolewa kabisa, ambapo zamani ilianzia kwa wanne. Mnalalamika pia kwamba fedha hizo haziendi zote kwenye mafunzo, na kwa hilo niko upande wenu kabisa, hata bango nitashika.

Ila hesabu haijaisha. Kampuni inayolipa mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi ilikuwa ikitoa milioni 6, leo inatoa milioni 3 na laki 5. Kila mwezi imebaki na milioni 2 na laki 5. Fedha hiyo ingetosha kuwalipa posho vijana kadhaa wakijifunza kazi, na bado ukabaki mshiko wa kumshukuru yule anayewafundisha. Nimezunguka nikitafuta kampuni ambayo siku tozo iliposhuka ilifungua meza ya mafunzo. Nimeona vigae vipya mapokezini, vinang'aa sana.

Mtasema kazi ya kuwaandaa vijana ni ya shule. Kwa shule hatujawahi kuwa wachoyo wa mageuzi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, shule zikapata mashamba na watoto wakapata majembe. Mwaka 2014 tukapata sera mpya ya elimu na mafunzo. Sera hiyo nayo ikapata toleo la 2023, na kuanzia Januari 2024 sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali. Nia ni njema, na mwanangu akija kuzaliwa nitampeleka huko. Lakini mwalimu wa amali anafundishia mashine aliyopewa, na mashine mliyoifunga ninyi mwaka jana hajawahi kuiona. Kila kizazi tunamrekebisha mwanafunzi, mwalimu na mtaala. Aliyebaki nje ya mageuzi hayo ni anayesubiri getini apokee kilichokamilika.

Hata hivyo naomba niwasahihishe wanaodhani kwamba hapa kwetu haijawahi kuwa vinginevyo. Shirika la Reli lilikuwa na chuo chake Tabora, Bandari ikawa na chake Temeke. Mtu aliweza kuanza kibarua, akafanya majaribio ya ufundi daraja la tatu, akapanda la pili, akafika la kwanza. Sisemi mashirika hayo yalikuwa pepo, madeni yake tunayajua. Nasema tu kwamba Reli haikumtaka kijana wa Unyanyembe aje na uzoefu wa miaka mitatu wa kuendesha treni. Treni ilikuwa yao, wakajua wa kumfundisha kuiendesha ni wao.

Na kama reli ni habari za wazee, nendeni Keko leo hii. Fundi wa samani pale hana idara ya rasilimaliwatu. Hana mkakati wala dira iliyobandikwa ukutani kwa fremu. Analetewa kijana aliyeishia darasa la saba, anamwambia shika msasa. Baada ya muda kijana anashika randa, kisha msumeno, kisha anaachiwa kiti cha mteja asiye mkali, na mwisho kabati la bibi harusi. Akiharibu mbao, fundi anafoka, anamwonyesha tena. Hakumuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Utaratibu huo Serikali imeupa jina la heshima, uanagenzi, na waliojifunzia mtaani sasa hupimwa na VETA, ujuzi wao ukarasimishwa. Ina maana fundi mwenye banda la mabati anaweza, na kampuni yenye lifti haiwezi.

Tangu utotoni tunaambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumeinama mpaka migongo imezoea. Naona ni haki kuuliza zamu ya wanaotaka wafanyakazi wenye ujuzi itafika lini.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ombi langu lina mambo manne, na hakuna linalohitaji mfadhili:

(a) Nafasi ya kuanzia iwe ya kuanzia. Mkitaka mtu wa miaka mitatu kazini, iiteni hivyo na mumlipe hivyo.

(b) Anayekuja field au uanagenzi apewe kazi moja ya kweli ya kuikamilisha, na mtu mmoja wa kumfundisha, ambaye kufundisha kumeandikwa kwenye majukumu yake na amepunguziwa mengine.

(c) Anayefanya kazi apewe japo nauli na chakula cha mchana. Moyo wa kujitolea tunao, ila kondakta wa daladala haupokei.

(d) Mkimkataa mtu baada ya usaili, mwambieni kwa sentensi moja alipopungukiwa. Mnataka tujifunze, na ninyi ndio mnaoficha karatasi iliyosahihishwa.

Hayo yakishindikana kwa sababu za kibajeti, nakubali kuendelea kuitwa nisiyeajirika, kwa sharti moja: na ninyi mtafutiwe jina. Mwenye shamba asiyelima hatumwiti mkulima, hata akihudhuria Nane Nane kila mwaka.

Naambatanisha nakala za vyeti vyangu, zimegongwa muhuri wa wakili. Asili nitakuja nazo siku mtakayonihitaji, saa mbili kamili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu.

Nakala kwa:

Mama mwenye nyumba: kwa taarifa na kwa uvumilivu wake.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: ile asilimia 15 ya mshahara wangu ipo salama, haijakatwa na mtu mwingine yeyote. Mshahara wenyewe waulizeni waliotajwa hapo juu.