Mvua ya Laki Moja na Themanini

Huku kwetu ukizaliwa kaka wa mtu, umezaliwa benki. Mtoto wa dada akikwama hamwendei baba yake, anamwendea mjomba, na mjomba hana dirisha la kufunga saa kumi. Ndivyo nilivyojikuta, fedha za korosho hazijakaa sawasawa mfukoni, nimelipia diski moja ya gemu shilingi 180,000. Kwa bei ile iliyotangazwa na serikali mwaka 2018, jeshi likaja kusomba korosho kwa malori, shilingi 3,300 kwa kilo, hizo ni kilo 54 na ushee. Za kuokota moja moja, mgongo umepinda, chini ya mikorosho.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu Masasi: TV mbili, mabenchi mawili, pedi nne zilizofutika alama, na ubao wa chaki umeandikwa MECHI 500. Mechi maana yake mpira. Mpira ndio unaomlisha. Lakini akaona tangazo la gemu moja mpya (jina silitaji, nisije nikawatangazia bure), usingizi ukamruka.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, picha yake huwezi kuamini. Mvua ikinyesha unaona tone kwa tone."

Nilitakiwa kuuliza: tone kwa tone, halafu? Sikuuliza. Nikatuma.

Nikashuka kutoka Newala kwenda kuiangalia fedha yangu. Sitasema uongo, picha ni nzuri. Kuna shujaa mmoja amepanda farasi, mvua inamwagika. Koti lake la ngozi linalowa kuanzia mabegani kushuka chini, kama linavyolowa koti la kweli. Kwenye dimbwi unaiona taa ya dirishani imepinduka. Nikasogeza benchi. Nikasema moyoni, kumbe laki si nyingi.

Halafu farasi akaingia ukutani. Hakugonga ukuta, aliingia, kifua kizima, yakabaki makalio na mkia, na ule mkia unapepea vizuri mno, unywele kwa unywele. Mpwa akabonyeza kila kitufe. Shujaa akashuka, akapiga hatua tatu, akazama ardhini mpaka kofia ikapotea. Picha ikaganda.

"Inataka apdeti, mjomba."

Apdeti yenyewe gigabaiti 46. Nikanunua na bando.

Sasa jamani. Mimi nikipeleka korosho ghalani hakuna anayenisifia ganda. Wanaangalia kama zimekauka, wanachukua sampuli, wanazikata katikati moja baada ya nyingine, mtu anachungulia kiini. Kiini kikiwa na madoa au kimesinyaa, ni daraja la pili kwa bei ya daraja la pili, hata kama ganda linang'aa kama kiatu cha diwani. Gemu hakuna anayeikata. Imefungwa nailoni, na bei ni ile ile kwa nzima na kwa mbovu. Na wapo wanaoilipia miezi kadhaa kabla haijatoka! Mchezo huo sisi tunaujua, unaitwa kangomba, na serikali imeupigia kelele miaka nenda rudi. Ila hata mchuuzi wa kangomba, akinunua korosho zako zikiwa bado maua, hulipa bei ya kutupa. Hawa wanalipa kamili.

Wala si mpwa wangu peke yake aliyeingia mkenge. Cyberpunk 2077, ya kampuni ya CD Projekt ya Poland, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 kwa dola 60, mji umejaa taa za kila rangi. Kwenye PlayStation 4 ikawa inaanguka kila mara, wiki mbili hazijaisha Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia watu fedha. Ilirudi Juni 2021. Wameikarabati kwa miaka, leo inasifiwa, na haikosi punguzo. Huku kwetu anayewahi foleni ya maji hupata maji. Huko anayewahi hupata tope, tena kwa bei kamili.

Kwa hesabu ya kibanda ndiyo balaa zaidi. Gemu ile ni hadithi, anacheza mtu mmoja, haina mechi. Utamtoza mtoto kwa kipande gani cha hadithi? Wanajaa mlangoni kutazama mvua, bure, wakishiba wanasema, "Braza, rudisha mpira." Mpira wenyewe ni wa zamani, wachezaji wana nyuso kama viazi, na mia tano zinatoka bila kusukumwa.

Mimi ningeipa daraja la pili. Elfu tisini, na hapo nimemhesabia na farasi.

Wiki iliyopita dada alishuka kumwona mwanawe. Huyu ni mwanamke aliyepandisha maji kichwani kutoka mabondeni hadi Newala tangu akiwa binti, na mpaka leo wingu likijikusanya, mapipa yake yalishafika chini ya bati zamani. Akakaa benchi. Mpwa akamwashia ile mvua, aone fedha ya mjomba ilikokwenda. Akatazama kimya, muda mrefu, nikadhani naye imemteka.

"Mdogo wangu," akaniambia, "mji mzima huu, mapaa yote haya, hakuna hata mmoja aliyetega ndoo?"