Udongo wa Watu Mtoni Kwetu

Kuvua mto Sabaki siku hizi kwataka moyo. Mvuvi wa mshipi ana maadui wake wa kawaida: kiboko anayeibuka palepale ulipotupa ndoana, mamba asiyeibuka, na huyo ndiye wa kuogopwa, halafu kijana aliyekaa nyuma yako bila mshipi wala chambo, kazi yake kukuambia, "Mzee, tupa kule." Hao nimewazoea. Asiyezoeleka ni mgeni wa Disemba kutoka bara.

Huyo huja mpaka mlangoni mwa mto, kati ya Malindi na Mambrui, kutazama heroe. Atasimama ubavuni mwangu, aongee na simu kwa sauti ya kuwatimua kambare hadi Baricho, kisha anigeukie: "Mzee, mbona maji yenu machafu hivi?"

Maji yetu! Baba, mto huu haukuzaliwa Malindi. Umetoka huko kwenu, upande wa Ngong, ukaupokea Mto Nairobi pamoja na vyote mlivyotupa humo. Huko mnauita Athi. Ukashuka Ukambani ukikomba mashamba, ulipokutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, na sisi tunaupokea ukiitwa Sabaki. Majina matatu, kama mtu anayekimbia madeni. Hiyo rangi ni shamba la mtu, tena huenda mbolea amenunua juzi.

Kinachoniudhi zaidi ni ratiba. Msimu wa kusi, tope husukumwa kaskazini na bahari ya Malindi hupata nafuu. Mgeni hayupo. Ikishaingia kaskazi, na mvua za vuli zimenyesha bara, tope lageuza njia, lashuka hadi ghuba ya Malindi na kuyafuata matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968. Hapo ndipo shule zinafungwa na mabasi yanajaa. Mgeni avaa miwani ya kuzamia, haoni hata vidole vyake, atoka majini akidai arudishiwe pesa na nahodha wa watu.

Mchanga nao umejaa ufukweni mpaka bahari imesogea nyuma. Hoteli iliyojengwa ikitazamana na maji, leo mteja wake apige mguu juani kwanza ndipo alowe. Tumeongezewa ardhi bure, na kama kawaida ya pwani, hati hatuna.

Ndugu zetu wa bara, Disemba karibuni, mahamri yapo na mbaazi zipo. Lakini kabla ya kukata tikiti, chimbeni matuta, pandeni miti kando ya mto, na taka za Nairobi zibaki Nairobi. Mkinikuta ukingoni na mshipi wangu, habari ya rangi ya maji muulizane wenyewe. Mimi niulizeni bei ya kambare.