Nyota Mia Tatu

Mwaka 2019, watengenezaji wa programu ya Kitkit School na shirika la onebillion waligawana dola milioni 10 za shindano la XPRIZE, baada ya watoto wa vijijini Tanga kujifunza kusoma na hesabu kwa tableti. Kwetu Katoro, Geita, teknolojia hiyo imefika bando likiwa limekata.

Mwalimu alitutangazia wazazi: jioni mtoto acheze mchezo wa hesabu kwenye simu. Baba mmoja, vumbi la karasha la dhahabu bado kwenye nyusi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, binti yangu kavuna nyota mia tatu. Zinauzwa kwa mnunuzi yupi, na mzani wake uko wapi?"

Tukacheka. Akaketi akinung'unika kwamba mchezo haujawahi kumfundisha mtu hesabu.

Siku hiyo hiyo nikamkuta chini ya mwembe, bao mbele yake, kete 64. Alikodoa macho, akapiga hesabu kichwani, akazungusha mkono, akanila kete karibu zote.

"Hii sasa," akasema, "ndiyo akili."

Binti yake, simu mkononi, alitutazama. Ana adabu, hakusema neno. Aliongeza nyota.