Sifa za Breka Mkorofi

Sisi Wapare tumesemwa sana kwa kupenda kesi. Eti Mpare yu radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku. Sibishi. Ndiyo maana mimi wa Suji humtambua ndugu yangu popote alipo, hata akiwa ndani ya sanduku la chuma ukutani: breka wa kiyoyozi anayekata kila saa.

Suji kwenyewe hana kazi. Ukitaka baridi unafungua dirisha. Lakini teremka hadi Makanya, ushike barabara kuu mpaka Same mjini, huko ambako milima yetu wenyewe imewanyima watu mvua, uone maofisi na nyumba za wageni zilivyojaa viyoyozi. Huko ndiko anakotukanwa. Wageni wanatoka jasho, meneja anaita fundi, fundi anapandisha swichi. Anakata. Fundi anapandisha tena. Anakata. Rufaa imeshafunguliwa.

Na si mlalamishi tu, ana ushahidi. Tazama anakata lini. Akikata papo hapo, kidole hakijatoka kwenye swichi, koili yake ya sumaku imeona shoti. Huenda waya wa ndani ya kompresa umegusa bodi. Acha kumpandisha, lete mega, ile mita ya kupimia uvujaji wa umeme, upime. Akisubiri kidogo huku kompresa inaguna bila kuzunguka, kagua kapasita inayoisaidia mota kuanza, maana mota iliyokwama huvuta umeme mara tano ya kawaida, au zaidi. Akivumilia asubuhi yote akakata adhuhuri, basi ni kile kipande chake cha metali mbili kilichopata joto kikajikunja: skrubu imelegea, au volti zimeshuka na mota inavuta ampea zaidi, au kondensa imezibwa na vumbi. Kwa Same, mimi huanza na vumbi. Brashi na maji vimemaliza kesi ambazo watu walikuwa tayari kuzinunulia kompresa mpya.

Hayo masikio mawili, la sumaku na la joto, aliyaunganisha Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1924. Kumbe ukoo wetu una tawi Ulaya.

Adui yake ni fundi wa njia ya mkato: anang'oa breka wa ampea 32, anaweka wa 63 juu ya waya uleule wa milimita 4 za mraba. Kiyoyozi kinanguruma, meneja anafurahi, fundi analipwa. Tangu hapo mwenye kukata ni waya, nao hukata kwa kuungua, pamoja na dari.

Mara nyingine anasingiziwa ubovu. Breka wengi wadogo hupimiwa kiwandani kwa joto la hewa la nyuzi 30; sanduku la chuma linalotazama jua la Same hupita hapo, naye hukata kabla ya ampea alizoandikiwa. Mpandishe Suji uone atakavyotulia. Hata mimi nikishinda Same hukata upesi.

Nakiri, naye huzeeka. Umepima kila kitu, mita ya klampu inasoma ampea 18, sanduku limo kivulini, na bado anakata? Mstaafishe. Umweke mwingine wa ampea zilezile, kisha umwarifu meneja mapema kwamba na huyu ni Mpare.